Deni ni la wawili: historia fupi ya kudaiwa nchini Kenya

1/
UZI. Kila msimu wa kampeni kuna ahadi moja haikosi shangwe: "Tutawatoa CRB!" Upande wa pili nao hujibu: "Dawa ya deni ni kulipa." Umati unapiga makofi pande zote mbili, halafu mjadala unaishia hapo. Leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho pande zote mbili huruka: yule anayedai anaruhusiwa kufanya nini, na kumfanyia nani?

2/
Kama kawaida ya nyuzi zangu, hapa hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Ni hoja tu. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si wakili. Nitaanza na historia, nije kwa sheria, halafu siasa yenyewe. Uzi ni mrefu, chemsha chai kwanza.

3/
Kilichonisukuma ni hiki. Mamangu anauza mitumba Nakuru. Muhula mmoja karo yangu ilipelea, akakopa shilingi 6,000 kwa apu ya simu. Mvua ikanyesha wiki mbili, soko likalala, siku ya kulipa ikapita. Siku ya nne akaanza kupigiwa. Siku ya sita hawakumpigia yeye tena. Walimpigia mwenyekiti wa chama chake, jirani, fundi aliyewahi kumtengenezea cherehani, na mimi nikiwa darasani. "Mwambie mamako mwizi alipe."

4/
Mamangu ndiye alikuwa mweka hazina wa chama. Jumapili hiyo hakuenda mkutano. Jioni akaniuliza swali moja tu: "Baba, watanifunga?" Nilikaa kimya. Niko mwaka wa tatu, naweza kukueleza mgawanyo wa mamlaka ya serikali usiku kucha, lakini sikujua kama mamangu anaweza kufungwa kwa shilingi 6,000. Nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyokuta.

5/
Tuanzie Pwani, karne ya 19. Neno "rehani" tunalijua leo kwa logbook na hati ya shamba. Zamani mtu pia aliwekwa rehani. Njaa ikiingia bara ya Pwani, kuna familia za Mijikenda zilizopeleka mtoto au ndugu kwa tajiri wa mjini ili zipewe chakula. Makubaliano yalikuwa kwamba mkilipa mnamkomboa mtu wenu. Wengine walikombolewa. Wengine deni halikulipika, wakabaki hukohuko kama watumwa.

6/
Shika hiyo picha, tutairudia. Aliyekopa ni mmoja, aliyebeba deni ni mwingine, na mara nyingi huyo wa pili hakuulizwa. Utumwa ulipoteza uhalali wa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Lakini wazo la kumfikia mdeni kupitia watu wake halikufutwa na sheria hiyo. Lilibadilisha nguo tu.

7/
Mwaka wa 1901 serikali ya kikoloni ikaleta kodi ya nyumba. Najua, kodi si mkopo. Lakini kwa babu zetu wengi huku bara, hapo ndipo "kudaiwa" kulipata maana mpya: deni ambalo hukuliomba, linalodaiwa kwa rupia ambazo huna, na anayekuja kulichukua ana askari nyuma yake. Kodi ilihesabiwa kwa kila nyumba. Mwenye wake watatu na nyumba tatu alilipa mara tatu. Na ukishindwa, kilichochukuliwa ni mbuzi wa boma, ambao ni maziwa ya watoto.

8/
Mwaka wa 1909 ikaja sheria ya adhabu ya pamoja. Hiyo iliruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la wachache. Haikuhusu mikopo, lakini ona fikra yenyewe: kama humpati unayemtaka, bana walio karibu naye mpaka atoke. Halafu mwaka wa 1925 ikatungwa sheria ya kambi za vizuizi kwa makosa madogo madogo. Watu waliokosa kulipa kodi walikuwa miongoni mwa waliojaa humo.

9/
Kwa hivyo ukiona mzee anasikia neno "deni" na kushtuka kama amesikia "polisi", usimcheke. Kwa miongo mingi katika nchi hii, mambo hayo mawili yalikuja kwa lori moja.

10/
Sasa ingiza mahakama. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za madai ni ya 1924, na ilifuata kwa karibu ile ambayo Waingereza walitumia India. Humo ndimo kuna kitu kinaitwa kifungo cha madai, civil jail kwa lugha ya mawakili. Mtu akishtaki kuhusu deni, akashinda, na usipolipa, anaweza kuomba mahakama ikupeleke jela. Sheria hiyo bado iko vitabuni hadi leo. Ngojeni, nitarudi hapo, maana ndilo swali la mamangu.

11/
Kuna upande mwingine wa ukoloni ambao watu wengi hawaujui. Sheria ya 1948 ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika ilisema hivi: asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200, hawezi kulidai deni hilo mahakamani, isipokuwa mkataba umeandikwa na kuidhinishwa na afisa wa serikali. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba Mwafrika analindwa asinyonywe.

12/
Matokeo? Mwenye duka la jumla hakuona sababu ya kumkopesha Mwafrika bidhaa. Mwenye kiosk akabaki mwenye kiosk. Ulinzi ukageuka ukuta. Sheria hii iliondolewa tukikaribia uhuru, lakini ilituachia somo: ukimlinda mtu kwa kumnyima mkopo kabisa, hujamlinda. Umemfungia nje.

13/
Kumbukeni hilo kila mtu anaposimama jukwaani na kusema apu zote za mikopo zipigwe marufuku. Mama mboga anayechukua stoki saa kumi asubuhi na kulipa jioni hana benki ya kumsikiliza saa hiyo. Ukimfungia mlango wa simu, anaenda kwa shailoki wa mtaa anayeshika kitambulisho na kadi yake ya ATM.

14/
Tuje kwa hati. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka mashamba ya Waafrika yapimwe, yasajiliwe, na hati zitumike kukopea. Baada ya uhuru mpango ukaendelea. Sasa deni likapata kitu cha kushika: ardhi. Na hapo akaingia mtu tunayemjua wote, dalali na nyundo yake.

15/
Lakini tuwe wakweli, dalali ana kamba shingoni. Sheria ya madalali ya 1996 ilimwekea bodi ya leseni, na kanuni za 1997 zikamwekea siku. Akija kwa mali inayohamishika, kwanza anaorodhesha na kukuachia notisi ya siku 7 ulipe kabla hajauza. Kwa nyumba au shamba ni siku 45. Na ile sheria ya 1924 inataja vitu ambavyo haviguswi katika kutekeleza hukumu: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, na vifaa vya kazi vya fundi.

16/
Soma tena hiyo orodha. Sufuria. Kitanda. Cherehani ya fundi. Hata sheria ya kikoloni, kwa ugumu wake wote, ilikubali kwamba kuna kitu ambacho mdai hawezi kuchukua, kwa sababu ukikichukua mtu hawezi kuishi wala kulipa. Swali langu kwa karne hii: jina la mtu liko wapi kwenye hiyo orodha?

17/
Hapo katikati kuna sacco na chama. Wengi mnajua uchungu wa mdhamini: mwenzako anatoroka na mkopo, hisa zako zinakatwa. Inauma, lakini kuna tofauti kubwa. Mdhamini alikalishwa chini, akasoma fomu, akatia sahihi. Alikubali kuwa sehemu ya deni. Fundi wa cherehani hakutia sahihi popote.

18/
Sasa zama za kumbukumbu. Kanuni za CRB zilianza kutumika 2009. Nia haikuwa mbaya: benki zijue nani analipa na nani halipi, ili anayelipa vizuri apate mkopo nafuu bila hati ya shamba. Una haki hapo pia. Unafaa kupewa notisi ya siku 30 kabla taarifa mbaya kukuhusu haijapelekwa, na kila mwaka unaweza kupata ripoti yako mara moja bure. Ni wangapi humu mmewahi kuiomba?

19/
M-Pesa ikaja 2007. M-Shwari ikafuata Novemba 2012, mkopo ndani ya simu, hakuna foleni wala mdhamini. Miaka michache baadaye apu zikamiminika. Nyingi hazikuwa benki na hazikupokea akiba za watu, kwa hivyo Benki Kuu haikuwa na mamlaka juu yao. Hata sheria ya 2016 ya kuzuia riba, ile iliyodumu hadi Novemba 2019, ilibana mabenki. Apu zilikuwa nje ya ua.

20/
Na hapa ndipo historia inajirudia. Ukiipakua apu, inakuuliza: "Ruhusu kusoma majina yaliyo kwenye simu yako?" Unabonyeza ndiyo, maana mtoto ametumwa karo na una dakika tano. Ukadhani umekopa bila dhamana. Kumbe uliweka dhamana. Uliweka watu wako. Mama, mwenyekiti wa chama, pasta, bosi, wote wakawekwa rehani kwa kubonyeza mara moja, na hakuna aliyewauliza.

21/
Sisemi mateso ya rehani ya karne ya 19 ni sawa na simu ya matusi. Hapana, na tusidharau yaliyowapata wale watu. Ninachosema ni kwamba mtambo ni uleule: deni la mmoja linadaiwa kwa kumuumiza mwingine. Aibu ndiyo askari mpya. Haina mshahara, inafanya kazi saa 24, na inajua mtaa wako.

22/
Taifa likaanza kujibu, polepole.
Novemba 2019: Sheria ya Ulinzi wa Data.
Aprili 2020: wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa wakakatazwa kupeleka majina CRB, na madeni ya chini ya shilingi 1,000 yakaondolewa kwenye orodha mbaya.
Desemba 2021: sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa ili isimamie apu za mikopo.
Machi 2022: kanuni zenyewe zikaanza kutumika.

23/
Kanuni za 2022 zinasema nini kuhusu kudai? Mkopeshaji au wakala wake haruhusiwi kutumia vitisho au nguvu. Haruhusiwi kutukana. Haruhusiwi kuingia kwenye orodha ya namba za simu yako na kuwaandikia watu wako kwa sababu umechelewa. Haruhusiwi kukuanika mtandaoni ili uaibike. Yaani yote aliyofanyiwa mamangu yalikuwa yamekatazwa tayari siku yalipofanyika.

24/
Leseni za kwanza 10 zilitolewa Septemba 2022, na kufikia 2025 zilikuwa zimepita 100. Benki Kuu huchapisha orodha. Ukitaka kukopa, angalia kwanza kama jina liko. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza kampuni moja ya apu za mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho. Desemba 2024 sheria nyingine ikapanua usimamizi hadi kwa wakopeshaji wengine wasiopokea akiba, wakiwemo wa nunua sasa, lipa baadaye.

25/
Sasa swali la mamangu: watanifunga?
Mwaka wa 1972 Kenya ilikubali mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Ibara yake ya 11 inasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), ikafanya mikataba tuliyoidhinisha kuwa sehemu ya sheria yetu. Mwaka huohuo wa 2010, Jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, akaamua kwamba kumfunga mtu kwa deni la mkataba kunapingana na ibara hiyo.

26/
Je, kifungo kilifutwa? La. Uamuzi mwingine wa Mahakama Kuu wa 2012 ulisema kifungu cha 1924 bado kinasimama, lakini si kwa yule ambaye hana. Ni kwa yule ambaye anazo na anazificha, au anakwepa kwa hila. Na mahakama lazima imwite ajieleze kwanza.

27/
Kwa hivyo ngazi ni hizi. Mdai akushtaki. Ashinde. Mahakama itoe amri ya kulipa. Ukose kulipa. Aombe uitwe ueleze kwa nini usifungwe. Jaji au hakimu aridhike kwamba unaweza na hutaki. Hata hapo, kikomo ni miezi 6, chakula chako jela analipia anayekudai, na ukitoka deni liko palepale. Kijana wa simu anayesema "polisi wanakuja leo saa nane" ameruka ngazi zote hizo. Deni la kawaida ni jambo la madai. Kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya mikopo.

28/
Nilimpigia mamangu nikamweleza haya yote. Akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Sasa mbona alisema kwa ujasiri hivyo?"
Mpaka leo hilo ndilo swali bora zaidi la siasa nimewahi kuulizwa. Mtu anavunja sheria kwa sauti ya mtu anayetekeleza sheria. Anaweza, kwa sababu anajua miaka 100 na zaidi imetufundisha kwamba anayedai huwa na askari nyuma yake.

29/
Haki kwa upande wa pili, maana najua mko kwa majibu. Wapo watu wanakopa kwa apu tano, wanatupa laini, wanahama mtaa. Wakopeshaji wanasema: "Mkopo wetu hauna dhamana. Nikimshtaki mtu kwa shilingi 6,000 nitatumia zaidi ya hizo kwa wakili." Hoja hiyo ina uzito. Na gharama ya wasiolipa inaishia kwa wanaolipa, kupitia riba.

30/
Lakini jibu lipo. Tangu Aprili 2021 tuna Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inayofaa kumaliza kesi kwa siku 60, na si lazima uwe na wakili. Pia kuna CRB kwa waliopewa leseni. Njia halali ya kudai haijafungwa. Ni ndefu kuliko kumtukana mama mbele ya chama chake, lakini hiyo ndiyo bei ya kuwa na sheria. Hata dalali husubiri siku 7.

31/
Sasa turudi jukwaani. "Tutawatoa CRB." Novemba 2022 kulikuwa na mpango wa aina hiyo: Benki Kuu ilitangaza kwamba waliokwama na mikopo ya simu kutoka kwa mabenki wangepunguziwa angalau nusu ya deni, na ulilenga watu wapatao milioni 4. Uliwasaidia? Kuna waliopumua. Lakini CRB ni daftari tu. Kufutwa kwenye daftari hakumzuii mtu kukupigia saa tano usiku.

32/
"Dawa ya deni ni kulipa." Kweli kabisa, na mamangu alinilea kwa methali hiyo. Lakini methali inamhusu mdeni. Haimpi mdai ruhusa ya kumnywesha dawa jirani yako. Wahenga haohao walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Waliijua huzuni ya kulipa. Hawakusema matanga yafanyiwe kwa jirani.

33/
Kwa hivyo mgombea yeyote akija mtaani kwenu, wa rangi yoyote, muulizeni haya matatu:
a) Madalali wana bodi ya leseni. Kampuni zinazokusanya madeni kwa niaba ya wengine hazina sheria yao maalum. Utaileta Bungeni?
b) Ofisi ya Kamishna wa Data itapata pesa na watu wa kutosha kufika Lodwar na Kwale, au itabaki ya wenye intaneti?
c) Apu isiyo na leseni ikizimwa leo na kurudi kesho kwa jina lingine, nani anawajibika?

34/
Na kama unadaiwa saa hii, fanya haya:
Usikimbie deni. Andika, kwa meseji au barua pepe, kiasi unachoweza na lini.
Hifadhi ushahidi: picha za meseji, namba, tarehe, saa.
Waambie waliopigiwa wahifadhi pia. Wao ndio wameingiliwa faragha, na wana haki ya kulalamika kwa majina yao wenyewe.
Angalia kama mkopeshaji yuko kwenye orodha ya Benki Kuu. Kama yuko, lalamika huko.
Lalamiko kwa Kamishna wa Data ni bure, na sheria inampa siku 90 kumaliza uchunguzi.

35/
Silaha zako ziko kwenye Katiba: kifungu cha 28, heshima ya utu. Cha 31, faragha. Cha 46, haki za mteja. Hakuna hata kimoja kinachosema "isipokuwa kama unadaiwa." Na tafadhali, usitumie uzi huu kama kisingizio cha kutolipa. Deni likiwa la haki, lilipe. Ninachotetea ni mpaka wake.

36/
Mpaka wenyewe ni rahisi: deni ni la wawili, aliyekopa na aliyekopesha. Wa tatu huingia kwa sahihi yake au kwa amri ya mahakama, basi. Tangu mtoto aliyewekwa rehani, mbuzi wa boma, hadi orodha ya namba kwenye simu, historia yetu ni ya watu kujaribu kulirudisha deni ndani ya mpaka huo. Bado hatujamaliza.

37/
Mamangu alilipa. Kwa awamu tatu, pamoja na ada zao. Tuliandika lalamiko, na simu kwa watu wengine zikakoma. Chama hakikumfukuza, mwenyekiti hata alikuja nyumbani kumjulia hali. Lakini mkutano uliofuata alibeba daftari, akaliweka mezani, akasema apewe mtu mwingine. Miaka sita alikuwa analishika na hakuna shilingi iliyowahi kupotea.

38/
Shilingi 6,000 zina risiti. Lile daftari halina. Ndiyo maana sikubali tukiambiwa mjadala huu ni wa "wavivu wasiolipa" dhidi ya "matajiri wanyonyaji". Ni mjadala kuhusu kama mtu anaweza kuwa maskini kwa wiki mbili bila kupoteza jina alilolijenga kwa miaka.

39/
Mwisho wa uzi. Kama nimekosea mahali kwenye sheria, mawakili nirekebisheni hapa chini, sina noma. Kama umewahi kupigiwa kuhusu deni ambalo si lako, simulia, lakini usiweke namba wala jina la mtu. Na kabla hujalala leo, fungua simu uone ni apu gani uliziruhusu kusoma majina ya watu wako. Nyingine ulishazisahau. Zenyewe hazijawasahau.